Mayai Juu ya Gugu Maji

Jumatatu, 4 Mei
Nimepalilia nduma, haya magimbi yetu, tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Nikaenda kunawa miguu ukingoni mwa dam, hili bwawa letu, nikakuta mayai manne juu ya gugu maji. Ni pale pale ninapotakiwa kung'oa Jumamosi. Ndege wa kahawia, vidole virefu ajabu, akanigombeza. Nikarudi nyuma kama nimekosa.

Jumanne, 5 Mei
Hii kona ya dam, hapa mtaani kwetu Silanga, sisi wa kikundi cha wakulima tuliitenga iwe ya ndege na vyura. Hakuna kutupa taka, hakuna kukata matete. Kila mwezi mwenye shamba anang'oa gugu maji mbele ya shamba lake, lisije likafunika maji yote. Asiyeng'oa, shamba anapewa mwingine. Nani aliandika sheria hiyo? Mimi, katibu wa kikundi, na kiherehere changu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemwonyesha Mama Brayo, jirani wa shamba. Akasema mayai si watu. Anazimezea mate nduma zangu, simwamini hata kidogo. Lakini hilo shamba ndilo linalisha watoto wangu. Naogopa.

Jumamosi, 9 Mei
Sikung'oa. Nilisimama na reki, watu wote wananitazama. Mama Brayo akasoma sheria kwa sauti. Mwandiko wangu! Niliona aibu, halafu hasira.

Mwenyekiti, Baba Atieno, mtu wa ziwani, akaingia majini hadi magotini, akatazama sana. Mkewe aliondoka, akamwachia watoto watatu wadogo, akawalea peke yake. Silanga yote inajua.

"Huyo anayelalia ni dume," akasema. "Jike akishataga anaenda zake. Mwacheni baba wa watu."

Hakuna aliyecheka. Akaamua sheria ibaki, ila ning'oe eneo kama hilo kwingine. Nimeng'oa hadi saa kumi. Mikono imechubuka. Shamba bado ni langu.

Jumatano, 20 Mei
Mvua siku tatu. Matope hayapitiki. Sijui kama kiota kipo. Nimekuwa mkali kwa watoto bure.

Jumatatu, 25 Mei
Jua kidogo. Kiota kitupu, hata ganda hakuna. Nilikaa kwenye matope, nikaumia moyoni kweli.

Kisha dume akapita juu ya majani, mabawa ameyabana, mnene kuliko juzi. Chini ya mabawa imening'inia miguu midogo, myembamba. Nikahesabu minane.

Nikampigia Baba Atieno. Akauliza kama wote wanne wako. Nikamwambia wako, amewabeba.