Siku Uliyohesabu Watoto Wanne

Baba yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya, na nimechelewa. Barua hii ilifaa uipate ukiwa hai, mama akusomee, nawe ukohoe kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ulipotaka kuficha furaha au hasira. Nilitingwa na masomo. La, tuseme ukweli: niliogopa.

Unakumbuka ulivyokataa kutuhesabu? Wazee wetu walisema mtoto hahesabiwi, asije akapungua. Hata karani wa sensa alipokuja hapa kijijini Roret akakuuliza una watoto wangapi, ulimjibu, "Wako. Hesabu vikombe vya chai ukitaka, mimi usinitie kwa hiyo maneno." Akahesabu vikombe, maskini, na kimoja kilikuwa cha jirani. Tulicheka hadi mama akatufukuza jikoni.

Nilipoanza shahada ya uzamili, nilipanga na msimamizi wangu, Daktari, niandike tasnifu juu ya vijana wa huku wanaoacha kilimo cha majani chai. Siku ya kwanza ofisini kwake aliniuliza kama nimewahi kuchuna chai. Niliificha mikono yangu chini ya meza, baba, mikono hii iliyokuwa myeusi kwa utomvu kila likizo, nikasema hapana, kwetu ni Kericho mjini, baba yangu ni afisa mstaafu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu anione msomi mwenzake, si mtoto wa kikapu cha chai.

Njia ya mwongo ni fupi. Daktari alitaka tuyajaribu maswali yetu kwanza kwa wakulima wachache, na akachagua Roret. Ningesema nini? Nilikata shauri tulipite boma letu bila kugeuza shingo. Wewe ndiye uliyeharibu mpango huo, kwa chai yako. Ulikuwa umeichuna ikawa sawa kama meza, na Daktari akasimama barabarani akasema, "Huyu ni mkulima hasa. Tuanze hapa."

Ukatoka katikati ya michai na aproni yako ya plastiki, kikapu mgongoni. Uliponiona, uso wako wote ulifunguka. Ulikuwa tayari kuniita "mama", kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Nikakuwahi. Nikanyoosha mkono.

"Habari yako, mzee? Sisi ni watafiti kutoka chuo."

Ulinitazama, ukamtazama Daktari. Kisha ukasema, "Karibuni, walimu. Ngojeni kidogo nipange viti."

Tulipoingia, msumari wa ukutani ulikuwa mtupu. Picha yangu ya mahafali, ile uliyoipangusa kila Jumapili kabla ya kanisa, haikuwepo. Mama alikuwa sokoni, na nakiri nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana mama asingeukubali mchezo ule hata kidogo.

Nilikuuliza maswali macho yakiwa kwenye karatasi. Shamba lina ukubwa gani. Majani unapeleka kituo kipi. Swali la sita: una watoto wangapi, na wangapi wamefika chuo kikuu?

Nilingoja useme "wako". Niliomba kimoyomoyo useme "wako".

"Niko na watoto wanne," ulisema. "Hakuna mwenye alifika chuo."

Nikaandika nne. Kwa mkono wangu huu.

Ulitusindikiza hadi barabarani, ukamwambia Daktari, "Huyu msichana mumwangalie vizuri. Anajua kuuliza." Niliporudi Krismasi, picha ilikuwa imerudi msumarini, nawe uliniuliza tu, "Ile kazi ilikubalika, mama?" Nikasema imekubalika. "Basi," ukasema, ukaenda kukamua ng'ombe. Tangu siku ile ya fomu ulinipa zaidi ya mwaka mzima niseme neno moja. Sikulisema, na mwezi wa nne tukakuzika.

Jumatatu nilimweleza Daktari kila kitu.  Akatoa ile fomu kwenye faili, akanisukumia mezani.

"Hii ilikuwa ya majaribio tu, haimo kwa tasnifu. Enda nayo nyumbani," alisema. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Mimi mama yangu aliuza kabeji pale Kedowa, kando ya barabara. Si ungeniambia tu?"

Nikaikunja ile fomu, baba, nikapanda gari la kuja huku.

Fomu iko hapa mapajani. Nilishika kalamu niibadilishe nne iwe tano, nikashindwa. Neno ni lako. Aibu ni yangu. Serikali ilikuja na hukuhesabu. Ulihesabu mara moja tu maishani mwako, ili mimi nisiaibike, na katika hesabu hiyo ukaniacha nje kwa sababu nilikuwa nimeshajitoa mwenyewe.

Nakuomba msamaha, wala sijitetei. Kesho asubuhi nitavaa aproni yako nichune ule mstari wa kando ya barabara, na kila atakayepita nitamwamkia kwa sauti. Akiniuliza mimi ni wa nani, nitamwambia.

Pumzika, baba.

Ni mimi, mtoto wako wa tano.