Nafagia Kanisa Jumamosi, Jumapili Siingii

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sikukuu ya mavuno haijafika, maana nimekwama na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Magamba, Mlutheri tangu ubatizo, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili tangu nilipopata kipaimara. Mwanzoni mwa mwaka mdogo wangu Zabron aliugua figo, usharika mzima ukafunga na kuomba, akaruhusiwa hospitali, akaja kwangu akala ugali na maharage huku akinitania kwamba hadi leo sijajua kukadiria chumvi, na Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watu na kikapu cha mapeasi nikamshukuru Mungu kwa kumponya, kikapu kikanadiwa nje baada ya ibada kama kawaida yetu, watu wakanipigia vigelegele. Kabla mwezi haujaisha tulimzika.

Tangu hapo siwezi kuomba. Nikiufikiria tu wimbo wa kwanza wa ibada, naona nilisimama pale nikadanganya watu. Nina shajara yangu, na kila Jumapili naandika tarehe na neno moja tu, "Sikwenda." Lakini Jumamosi naenda, nafagia, napiga deki, nafuta mabenchi, naweka maua altareni, nafunga na kumrudishia ufunguo Mzee Silvano, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Zamu za wenzangu wote nimezichukua, wamefurahi, hakuna anayeuliza kwa nini.

Rafiki yangu Jenoveva, ambaye tunauza naye mboga sokoni Lushoto, anasali kwenye kikundi kipya cha maombi, basi ananicheka: "Shoga, umeolewa na ufagio! Kwenu kumepoa. Zabron angeombewa kwetu, leo ungekuwa unamfulia mashati." Nililia hadi nikashindwa kurudisha chenji ya mteja.

Na juzi nilipompa ufunguo Mzee Silvano nikamsalimia, akasema, "Marahaba, mwanangu. Sauti ya pili inayumba. Mavuno utaimba, au tumpe mwingine joho lako?" Mshauri, nirudi nikaigize, nimfuate Jenoveva, au nijitoe kabisa?

Mfagiaji wa Jumamosi, Magamba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mfagiaji. Pole sana kwa Zabron. Umezika ndugu, ukaendelea kuwaandalia watu kanisa, na hakuna aliyekuuliza u hali gani. Hapo wenzako wamekosea. Nawe umekosea kwa kuwaficha, kwa sababu mtu anayejitolea kila wiki anaonekana mzima.

Tuanze na huo uongo unaojisingizia. Siku uliyosimama na kikapu, Zabron alikuwa amekula ugali wako na kuisema chumvi yako. Ulishukuru kwa hilo, na lilikuwa kweli. Kifo kilichokuja baadaye hakina uwezo wa kurudi nyuma kuifanya Jumapili ile kuwa ya uongo. Acha kukisaidia.

Jenoveva mwambie akome. Anayetumia kaburi la mdogo wako kukuvuta kwenye kikundi chake anakunadi kama yale mapeasi. Uchuuzi endeleeni, dini iwekeeni mpaka.

Sasa wewe. Nani alikwambia ibada ni ya wenye sauti tu? Kama huwezi kuomba, kaa wengine waombe, ndiyo maana mko wengi. Aliyeachana na kanisa hatoki nje kwenye baridi ya Magamba na maua mkononi. Hujaondoka, mama, umejificha tu, tena umejificha humo humo ndani!

Basi fanya hivi. Wenzako warudishie zamu zao, na wakikuuliza kwa nini, wajibu kweli. Mzee Silvano mwambie hivi: "Mzee, mavuno haya siimbi, lakini nitakuwepo. Joho naomba linisubiri." Kisha nenda kwa mchungaji umwambie waziwazi kwamba maombi yamekugomea. Hatashtuka, si wa kwanza kumwambia hivyo.

Jumamosi hii nenda kama kawaida yako. Ukifuta mabenchi, chagua moja, hata lile la nyuma karibu na mlango. Hilo lifute mwisho, tena vizuri, kwa sababu kesho yake wewe ndiye utakayelikalia.