Ukurasa wa Kwanza Umenishinda, Mama

Voi,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Shangazi aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Lakini usijifanye umepona ukakimbilia kupalilia. Sisi huku tuko wazima, ila jua ni kali na mimi nimechoka. Baraka anaota meno, halali wala halazi mtu, na kukicha mashuka ya gesti yananingoja nifue. Sasa hivi yako kwenye kamba, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Mama, nimeanza kuandika maisha yangu. Usicheke. Sharon aliambiwa na mwalimu aandike habari za familia yake, akaniuliza kwa nini tangu azaliwe hajawahi kukuona wewe kukhu, nyanya yake. Nikamwambia ni mbali. Akasema watoto wa jirani kwao ni mbali zaidi na wanaendanga kila Desemba. Kesho yake nikanunua daftari.

Mara ya kwanza nilianza kama insha za shule: "Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Mautuma." Sharon akasoma, akaniangalia. "Mama, kwani wewe ni sungura?" Tukacheka mpaka Baraka akaamka. Nikachana ile karatasi, nikaandika moja kwa moja kwamba nilifukuzwa kwetu nikiwa kidato cha pili, na mimba ya Sharon ya miezi minne.

Hiyo ni kweli, na hasira niliyokuwa nayo ingejaza daftari lote. Niliandika vile Baba alisema jua la jioni lisinikute kwake, na wewe ukaendelea kupukuchua mahindi kama hukusikia. Nikakuita mama asiye na mdomo. Nisamehe, ndivyo nilivyoandika.

Halafu nikafika pale kwa chakula. Siku hiyo ulichinja kuku. Sisi wasichana hatukuwahi kuonja firigisi; hiyo imondo ni ya mwenye nyumba, hata mgeni anajua. Wewe ukaitoa kwa sufuria ukaiweka kwa sahani yangu, Baba ameketi hapo hapo, ukasema, "Kula. Safari ni ndefu." Baba akasimama, akatoka bila kugusa obusuma, ugali ukapoa hapo. Mimi nikala huku nalia, sikuelewa chochote. Nilikuwa mtoto.

Kalamu ilikwama hapo, na sasa ni wiki tatu. Mimi pia nina msichana, najua mama anaweza kukosa maneno akasema kwa mkono unaopakua chakula. Lakini sina hakika. Ulikuwa unanitetea, ama ulikuwa unaniaga tu? Kama ulikuwa unanitetea, basi siwezi kuanza na kufukuzwa peke yake, nitakuwa nimekuonea. Na nilipoondoka, ulibaki vipi na Baba? Miaka yote hii sijawahi kukuuliza.

Sikuulizi kwa simu kwa sababu kwa simu unasemanga mtandao unapotea, nami najua Baba ameketi karibu. Niandikie, hata mistari miwili, umpe shangazi aitume na mizigo ya basi. Sikuandikii kukuhukumu, Mama. Lakini kuandika nitaandika, hilo usinikataze. Sharon atakuja kusoma jina lako mle ndani, na sitaki asome uwongo, uwe wa kukusifu ama wa kukuchafua.

Mume wangu anakusalimu kwa heshima. Nisalimie shangazi, na mdogo wangu wa mwisho; mwambie asicheze na masomo, viatu vyake nitatuma. Na Baba pia msalimie. Akiuliza nimeandika nini, nawe ukiona una nguvu, msomee yote. Mimi nimeacha kumwogopa.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Nafula