Kisasi Changu kwa Kuchi wa Paskazia

Jumatatu, 4 Julai 1994

Leo nimemshinda kuchi wa Paskazia. Teke moja tu, akaruka ua wa minyaa, akaenda kulia huko nyuma ya banda. Uwanja ni wangu.

Uongo. Aliyeruka ni mimi, na nyuma ya banda nililia mimi. Nilikuwa nakwenda chooni asubuhi, kaptula na kandambili, akaja kwa nyuma — huyu jogoo haji kwa mbele kama wanaume — akanichoma shavu la mguu kwa ule mwiba wa mguuni mwake. Damu mpaka kwenye kandambili. Chenge, jirani, alikuwa upande wa pili wa minyaa anapiga mswaki. Akacheka mpaka akameza povu. Akaniuliza, Ngosha, kwani hapo kwako mwenye mji ni nani?

Tangu wanipunguze kazi kiwanda cha pamba, mwenye mji ni mke wangu Paskazia, na Paskazia anampenda jogoo. Alimleta kutoka Magu kwenye kikapu, kamfunika kitenge kama mtoto mchanga. Shingo ndefu, macho ya polisi, miguu ya mtu aliyelelewa kambini. Vifaranga vyake vinanunuliwa kabla mayai hayajapasuka. Ndivyo tunavyokula. Najua. Najua, na mguu unauma.

Nilimwambia Paskazia tumchinje. Akasema chinja kwanza njaa.

Jumanne, 5 Julai

Binti yetu Hellen amejifungua huko Misungwi. Wa kike. Paskazia amekwenda kumkanda, atarudi Jumapili. Kuku wote juu yangu: mtama, maji, kufunga banda jioni. Asikute pengo hata moja, amesema.

Akanifundisha habari za jogoo. Usimkimbie. Usimpige, ukimpiga anajua ni vita. Mkamate, mbane kwapani, kaa naye mbele ya majike mpaka alegeze shingo, ndipo umweke chini. Siku chache tu atakuheshimu.

Mimi! Nimpakate adui yangu kama mjukuu! Nikasema mkono wangu mbovu. Akasema mwaka jana ulinishikia yule mtetea mwenye ndui mpaka nikatoka misani, mbona haukuwa mbovu. Nikamjibu kwamba wema ule bado haujarudi. Akacheka. "Siku yako ikifika, na mimi nitakushikia."

Akachukua mfuko wake akaenda stendi.

Jumatano, 6 Julai

Leo nimekwenda chooni na ungo mbele kama ngao. Nilisahau kwamba matako hayana ngao.

Chenge tena. Lakini leo kacheka nusu, maana Nigeria imetolewa jana Kombe la Dunia na Waitaliano na yeye aliishangilia kama kwao. Huyu Chenge! Enzi za ushirika alikuwa karani, akitufokea habari za mali ya umma. Sasa soko huria limefika, ananunulia pamba kampuni ya mtu binafsi, magunia yamejaa uani, na miwani ya jua anavaa hata akienda kukojoa.

Nikakaa nikafikiri. Maadui wangu ni wawili. Kwa nini wasikutane?

Nilimvizia kuchi magharibi, alipokwisha kupanda kwenye fito. Giza likiingia kuku ni mjinga. Nikampelekea Chenge kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha, nikasema pole kwa Nigeria ndugu yangu. Zawadi ya mikono miwili haikataliwi, ukiikataa umenitukana mimi na babu yangu. Akapokea. Machozi yalimlengalenga, mjinga yule.

Nakwenda kulala kama bwana harusi.

Alhamisi, 7 Julai — Sabasaba

Sikukuu kweli! Nilipanda juu ya pipa mapema nisipitwe. Chenge akatoka, kaunda suti, viatu vinang'aa, anakwenda kwenye sherehe. Kuchi akamwacha afike katikati ya uwanja. Ana adabu ya mwindaji yule. Halafu vumbi. Nikaona kaunda suti inapanda magunia ya pamba kwa mikono na magoti. Miwani ikaanguka, kuchi akaikanyaga, akasimama juu yake akawika.

Nikamwita kutoka kwenye pipa. "Chenge! Kwani hapo kwako mwenye mji ni nani?"

Nimekunywa chai kwa sukari ya wageni.

Ijumaa, 8 Julai

Shida.

Kuchi anachakura kule, na kila akipata punje anaita kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Majike wamemsikia. Mmoja akapita chini ya minyaa. Akafuata mwenzake. Kufika adhuhuri uwanja wangu umebaki na manyoya. Nimewaita kwa mtama, wamenitazama kama watu wanavyomtazama mtu wa kodi. Jioni wote wamepanda mpera wa Chenge, kando ya bwana wao.

Miaka yote nilidhani kuku ni wa banda. Kumbe ni wa jogoo.

Jumamosi, 9 Julai

Nimekwenda kwa Chenge kudai kuku wa mke wangu. Akasema chukua, mimi sikuwaita. Nikambeba mmoja mpaka nyumbani, niliporudi kumfuata wa pili, yule wa kwanza kanitangulia kwa kupita minyaani. Basi nikaomba jogoo.

Hapo Chenge akavaa miwani yake yenye ufa. Alikuwa ameningoja. Akasema zawadi ya mikono miwili hairudi, Ngosha, babu yako atatukanika. Na kesho ana wageni wa kampuni, jogoo ataingia sufuriani.

Juzi ningecheza ngoma. Lakini kuchi akifa, ile mbegu imekwisha, vifaranga vimekwisha, na Paskazia atanitazama tu. Ule mtazamo! Afadhali mwiba.

Nilijaribu kumwiba mchana Chenge alipoingia ndani, nikiwa na gunia. Sasa shavu la mguu wa pili nalo lina tundu. Chenge alikuwa dirishani.

Jumapili, 10 Julai

Chenge alikuwa ananoa kisu, nami niko juu ya pipa, tukasikia hodi. Paskazia, moja kwa moja kutoka stendi, mfuko begani. Aliwaona kuku wake chini ya mpera wa watu tangu barabarani.

Chenge akaanza habari za mikono miwili. Paskazia akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mikono ilikuwa miwili. Lakini jogoo hakuwa wake."

Chenge akatazama kisu, akamtazama kuchi, aliyekuwa amesimama kati yake na mlango wa jikoni. Nadhani alishukuru moyoni. Paskazia akamwendea jogoo bila haraka, akambana kwapani, shingo ikalegea pale pale. Akatoka naye, na majike wote nyuma, kama maandamano ya kanisani. Kwenye pipa alipita bila kunisalimu.

Nyumbani hakugomba. Kasema mjukuu amechukua pua yangu, masikini mtoto. Halafu akanitia jogoo kwapani. Nikae hapa kibarazani majike wanione, nisimwachie mpaka alegeze shingo.

Naandika kwa mkono mmoja. Jua linainama. Hajalegeza. Ananitazama kwa jicho moja, mimi kwa mawili. Nimemnong'oneza: Krismasi. Firigisi yako ni yangu, nimekwisha kumwambia Mungu. Akaninyea kaptula. Moyo wake unakwenda mbio, muda mrefu nilidhani ni wangu.

Chenge yuko minyaani, bila miwani. Anangoja nimwachie.

Na sasa tumbo. Choo kiko mwisho wa uwanja, nikimwachia hapa atanikuta katikati, mbele ya Chenge na majike wote. Paskazia yuko jikoni anapepeta mchele. Nimeita, kajifanya hasikii. Naita tena.

Mama Hellen. Yule mtetea mwenye ndui, mwaka jana, nilimshika misa nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Ulisema na mimi utanishikia. Njoo basi unishikie huyu. Kidogo tu.