Weupe Mtupu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii imewakuta salama, wewe na Mama, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua akipanda ngazi. Mimi mwili mzima, lakini tangu juzi moyo umenishuka. Nimejaribu kukupigia simu mara tatu, na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za mvua.

Nilikwisha kukuambia kwamba hospitali ya macho unayotibiwa imeipa ofisi yetu kazi ya kutengeneza programu ya simu, ya kuwakumbusha wagonjwa siku ya kliniki na saa ya kutia dawa. Tuko mafundi watatu tu, na muda ulitosha kuanza na aina moja ya simu: ama Aifoni, ama Android. Wenye aina nyingine wangesubiri mwaka mzima. Meneja wetu, ambaye ana Aifoni mbili na huzipanga mezani kama mcheza karata, alitaka Aifoni. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta ushahidi.

Nilijiona mjanja. Ule ukurasa wa mtandaoni ambao hospitali hutangazia tarehe za kliniki, tangu walipoacha kuziandika kwenye kadi, niliutengeneza mimi, na huhesabu wenyewe kila simu inayoufungua. Nikatazama hesabu ya miezi minne: katika kila simu kumi, tisa ni Aifoni. Nikaichora kwa rangi, nikaibandika ukutani, meneja akapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima anayekagua kazi zetu, sisi humwita Bibi Mashaka, alisema haamini hata kidogo. Alisema wagonjwa wale anawajua, na hajawahi kuwaona na simu za namna hiyo. Nilimcheka mbele ya watu, Baba.

Juzi asubuhi alikwenda kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, akitazama mikono ya watu. Alirudi saa sita akasema katika watu hamsini ameona Aifoni mbili, na moja ni ya daktari. Kisha akaweka mezani simu aliyoazima kwa mfagizi wa pale, Android ya zamani yenye ufa, akaniambia nifungue ukurasa wangu. Nikafungua. Tukasubiri. Kioo kikawa cheupe pe, kikabaki hivyo hivyo, hakuna tarehe wala hata nukta. Ukurasa ule nilikuwa nimeujaribu kwenye simu yangu tu, na yangu ni Aifoni. Android za zamani, kama zile za wagonjwa wengi, haziwezi kuufungua, na simu isiyoufungua haihesabiwi. Nilikuwa nimewahesabu walioingia, kumbe wengine wote nimewafungia mlango mwenyewe.

Meneja alianza kufoka, lakini sikumsikia. Nilikaa sakafuni na suruali yangu ya ofisini, kwa sababu nilikukumbuka wewe.

Ulinipigia, mwezi ule ule ukurasa ulipoanza kazi, ukasema ukitafuta tarehe yako unaona weupe mtupu. Ulikuwa na hofu, nilikusikia. Mimi nilikuwa na haraka ya kuingia mkutanoni. Nikakujibu kwamba ukurasa uko sawa, kwamba hayo ni macho, kwamba presha ya macho ndivyo inavyokwenda na uzoee. Sikukuuliza hata unatumia simu gani, na simu hiyo nilikupa mimi, ile yangu ya zamani.

Baba, ulichokiona ndicho kilichokuwepo. Kwa neno langu ulimkabidhi fundi mwenzako cherehani, ukaacha gazeti, ukawa unasomewa na Mama ili usiyamalize macho yaliyobaki. Ukaona hakuna haja tena ya kliniki, na mbili zimekupita. Kama kuzikosa kumekudhuru sijui, na daktari naye hajui mpaka akupime. Nimemweleza yote, na wenzangu nimewaeleza pia, pale pale sakafuni. Tunaanza na Android, na mwenye simu ya vitufe atatumiwa ujumbe wa kawaida. Bibi Mashaka hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Daktari amekupa nafasi Jumatatu saa mbili asubuhi, nami nitakuja Jumapili kukuchukua. Ila nina ombi moja. Mama, najua ni wewe unayesoma. Ishia hapa, tafadhali. Mpe Baba miwani yake na karatasi hii, msogeze dirishani.

Baba, nisamehe. Maneno haya nimeyaandika kwa herufi zangu za kila siku, sikuyakuza. Ukiyaona, nipigie sasa hivi unikaripie mpaka uchoke. Simu nimeiweka mbele yangu.

Msalimie Mama, hapo pembeni yako.

Mwanao,
kitinda mimba