Waliogeuza Kiti cha Tindra

Jumatano, 7 Februari

Nimekuta pipi kwenye mfuko wa ovaroli ya theluji ya Tindra. Mbili nyekundu, moja imeota manyoya ya mfukoni. Jumatano! Pipi ni Jumamosi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu, ndivyo ilivyo kwa kila mtu mtaani, hata kwa wale wasiojali kitu.

Nimemuuliza kakupa nani. Kaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Za kunyamaza," akasema.

Nimecheka! Miaka mitatu na miezi miwili, maneno hayo kayatoa wapi? Mume wangu Rikard akasema ni babu tu, unamjua babu. Kweli namjua. Baba yake Rikard akiombwa mwezi na mjukuu wake, atatafuta ngazi. Jumatano mimi niko zamu ya jioni, jikoni kwenye nyumba ya wazee, wao watatu wanakwenda bwawa la kuogelea mjini. Kilomita sabini. Basi, pipi mbili.

Ijumaa, 9 Februari

Namuogesha. Ananiambia babu ana kipara nyuma, duara kama kisahani.

Nimecheka tena, maana Sixten, baba mkwe wangu, havui kofia mbele ya watu, hata kanisani anaingia nayo na kutoka nayo. Ndani ya gari kuna joto, labda anaivua humo.

Halafu kicheko kikakauka.

Kakionaje? Kiti chake cha garini kinaangalia nyuma. Tangu azaliwe. Anaona kioo cha nyuma, theluji, malori yanayotufuata. Kisogo cha mtu hajawahi kukiona humo.

Nikamuuliza polepole, kama mchezo, kwenye gari unaona nini. Akarusha maji. "Naona barabara! Naona babu! Nimemuona kulungu mkubwa anakuja!"

Anakuja. Mtoto wa kiti kile huona vitu vikienda. Haoni vikija.

Nimetoka na ndala hadi kwenye gari, nywele zangu mbichi zikaganda. Kiti kinaangalia nyuma. Mikanda imekazwa vizuri. Nikajionea haya. Mwanamke gani anampeleleza mumewe kwa maneno ya mtoto wa kwenye beseni?

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kununua maziwa kituo cha mafuta kule njia panda. Anneli yuko kaunta. Anneli wangu, tulikaa dawati moja tangu tukiwa na miaka saba.

Nikamuuliza kwa utani kama watu wangu wa Jumatano hupita hapa. Akaangalia mashine ya fedha. Nikajua.

Kila Jumatano, tangu kabla ya Krismasi. Wanaegesha nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Rikard anafungua mikanda, anatoa kiti, anakigeuza kitazame mbele, anafunga upya. Sixten anamshikia kurunzi. Wakirudi jioni wanasimama palepale, wanakigeuza tena.

"Nilidhani mmekubaliana, Malin."

Tumekubaliana! Kwa nini basi wajifiche nyuma?

Akasema hapendi kuingilia ndoa ya mtu. Na pipi nani kawauzia? Yeye.

Kile kiti si cha kubonyeza kikazunguka. Kina mguu wa kukiegemeza na mikanda miwili ya kufunga chini. Dakika kumi, mimi nakijua. Dakika kumi kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, ili mtoto aone mbele. Hilo ningeweza kulimeza, labda. Lakini zile dakika kumi za kurudi! Zile ni zangu mimi. Vidole vinaganda, na bado anakaza mikanda, ili nikitoka na ndala nione haya.

Maziwa nimeyaacha kaunta.

Jumapili, 11 Februari

Nimesema. Sixten alikuja kunywa kahawa, nikasema wote wawili wakiwepo.

Rikard: mtoto anatapika akitazama nyuma. Analia kilomita sabini, kichwa kinanipasuka. Tukimgeuza anaimba. Nchi nyingine mtoto anageuzwa akiwa na mwaka mmoja, na wapo, hawajafa.

Nikasema muuguzi wa kliniki alituambia sote, na wewe ulikuwepo. Kichwa cha mtoto ni kizito, shingo bado laini. Akitazama nyuma gari likagonga, pigo linapokelewa na kiti kizima, mgongo na kichwa pamoja. Akitazama mbele, kichwa kinarushwa, na shingo ndiyo inayokizuia. Atazame nyuma hadi angalau miaka minne. Mitano ni bora.

Sixten akakoroga kahawa. "Kasoma karatasi moja ya kliniki, sasa ni profesa. Asiye na leseni anatufundisha gari!"

Ni kweli. Shule niliiacha mapema. Mtihani wa maandishi wa leseni nimeanguka mara tatu. Wanajua. Rikard alinisaidia kusoma, alinipangusa machozi ile mara ya tatu.

Na leo akacheka. Kidogo tu, kwa pua.

Nikamwambia matapishi ningeyafua. Nafua ya wazee, nitashindwa ya mwanangu? Ungeniambia tu.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo!"

"Basi ndiyo maana."

Nikamuuliza: na kumfundisha Tindra kunificha? Hapo hakucheka mtu. Sixten akavaa kofia yake akaondoka, kikombe nusu.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya maandazi ya krimu, kabla ya Kwaresima kuanza. Rikard kaleta matatu, lililojaa kaniwekea mimi. Nimekula nusu.

Nimempigia muuguzi. Kasema wasimame katikati ya safari, apate hewa baridi, asile kabla ya kuondoka. Nimeandika yote. Akauliza nyumbani kwema? Nikasema kwema. Na mimi pia nimeficha, basi.

Jumatano, 14 Februari

Rikard kaahidi. Kanishika mabega, kasema hakigeuzwi tena, naapa. Sixten kanuna, haendi. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja, nikawahi kuwaona wakiondoka.

Kiti nimekifunga mwenyewe, magoti kwenye theluji. Nikavuta kila mkanda. "Umeridhika?" Rikard kauliza, bila ubaya, kachoka tu. Akaenda kukwangua barafu kioo cha mbele.

Nikainama kumbusu Tindra. Akanivuta sikio.

"Mama. Baba akigeuza, nikuambie au ninyamaze?"

Kukwangua kukakoma. Sijui kasikia, au barafu imekwisha.

Nikasema ngoja nikulete glavu. Glavu anazo mikononi.

Niko mezani na viatu, maji yananitiririka sakafuni. Nikimwambia niambie, nimemfanya mpelelezi wa baba yake, kila Jumatano kwenye maji hana raha. Nikimwambia nyamaza — siwezi hata kuliandika. Nikimwambia baba hatageuza... Nalijua hilo? Wiki iliyopita ningeapa.

Honi. Mara moja, fupi.

Anamngoja nani, mimi au jibu langu? Kupitia dirisha simuoni Tindra, naona mgongo wa kiti tu. Rikard kashuka. Anakuja mlangoni, anapangusa viatu, anapangusa muda mrefu mno, kama mtu aliyesikia.