Jina la Kumlaza Ogweno

Jumatatu, 14 Oktoba 1996
Nimesinzia tena kiwandani Nyakato — kisu mkononi, samaki sangara mbele yangu! Ngosha, msimamizi, kanigusa bega: dada, utabaki bila vidole, kanawe uso. Mungu ambariki, hakuniripoti.
Ogweno ana miaka minne, hajalala usiku mzima hata mara moja. Wala mimi. Daktari aliandika neno kwenye kadi: autism. Akasema ubongo wake umeumbwa hivyo, sijakosea kitu. Hilo la mwisho ndilo nililoondoka nalo.

Jumatano, 16 Oktoba
Mama mkwe kafika kutoka Utegi na kuku wawili. Shikamoo, marahaba, hata maji hajanywa: Nyar Sengerema, binti wa Sengerema, mbona umekuwa fito!
Kwao Wajaluo, mtoto asiyelala analilia jina la marehemu. Unataja majina ya marehemu moja moja; akinyamaza, hilo ndilo lake. Likikosekana, Jumapili Mama anaondoka naye hadi Utegi, akatajiwe makaburini, akae huko kwa bibi yake. Baba Ogweno yuko visiwani anavua, lakini ameshakubali.
Nimesema haendi. Mama akacheka: utamweza, na macho hayo ya usingizi?
Aibu yangu — nusu yangu ilitaka kumfungashia nguo aende.

Ijumaa, 18 Oktoba
Jana usiku, majina. Mtoto analia, anagonga kisogo ukutani, Mama anataja. Achola. Okelo. Saa nne mgao ukaisha, umeme ukarudi, mashine ya kusaga ya Mhoja hapo jirani ikaanza kunguruma. Hapo ndipo Mama kafika kwenye jina la Odongo. Mtoto kimya! Mama kapiga vigelegele, Mkuyuni nzima imesikia.
Mimi najua. Mashine ikisaga hulala, ikizimwa huamka. Na jana Mhoja kasaga hadi alfajiri.
Nilifungua mdomo niseme. Nikasema: ndiyo Mama, Odongo.
Nimelala masaa sita!!

Jumamosi, 19 Oktoba
Saa tano usiku. Umeme haujarudi. Kibatari.
Ogweno ameanza kulia. Mama anaita Odongo, Odongo, sauti inapungua. Kisha kavuta kikapu, kaanza kukunja nguo ndogo za mtoto. Basi linaondoka alfajiri.
Nimempakata, mgongo wake kifuani kwangu, nanguruma kama mashine. Mmmmm. Mama anauliza, Nyar Sengerema, unafanya nini? Sijibu. Nikijibu itakatika.
Amenyamaza.
Naandika kwa mkono mmoja, nisisinzie. Koo limekauka. Mama ameketi ubavuni, kikapu mapajani. Hajakifunga, hajakiweka chini. Anasikiliza —